Ndama anakaza miguu akikimbia: kutafuta chanzo cha ugonjwa adimu wa misuli kabla ushahidi haujapotea

Hapa Dar es Salaam ugonjwa adimu wa misuli ya ng'ombe hupotea kwa njia inayojulikana. Ndama anaanguka asubuhi, saa nne anachomwa antibiotiki ya oksitetra na vitamini, jioni hajabadilika, kesho yake anaongezewa sindano ya minyoo, na wiki haijaisha ameshauzwa kwa mchinjaji. Anayekuja kuchunguza anakuta banda tupu na maelezo kwamba "alikuwa na kama kifafa hivi".

Ndiyo maana mambo mawili hutangulia dalili zote zilizo hapa chini. Piga video kwa simu, na toa damu kabla ya sindano yoyote ya msuli. Sindano yenyewe hujeruhi msuli, na kimeng'enya kiitwacho kriatini kinasi, ambacho kwenye karatasi ya majibu utakiona kimeandikwa CK, hupanda kwa sababu ya sindano hiyo. Ukitoa damu jioni baada ya kuchoma asubuhi, unapima kazi ya mkono wako. Video nayo ni kipimo. Ng'ombe akishapakiwa kwenye kirikuu kupelekwa kwa daktari, mara nyingi hafanyi tena alichokuwa akifanya nyumbani.

Kuna wasioweza kusubiri: ng'ombe aliyezaa jana na sasa amelala shingo imepindia ubavuni, na mnyama aliyejaa gesi tumboni. Hao watibiwe kwanza; damu unaichukua wakati msaidizi anaandaa chupa ya kalsiamu. Na kuna asiyeguswa kabisa: aliyekufa ghafla, damu isiyoganda ikimtoka puani au nyuma. Huyo anahesabiwa kuwa wa kimeta mpaka maabara iseme vinginevyo. Hapasuliwi, hachunwi, na taarifa inakwenda kwa afisa mifugo saa hiyohiyo.

Dalili: anakaza akikimbia, kisha anarudi kawaida

Akisimama hana kasoro. Akitembea polepole kwenda kwenye maji, hana kasoro. Mfukuze au mshtue, hatua zinakuwa fupi, miguu miwili ya nyuma inaanza kuruka pamoja, mwili mzima unakakamaa, na pengine anaanguka akiwa amejikaza. Zinapita sekunde chache, au nusu dakika, analegea, ananyanyuka na kuendelea kula. Mfugaji ataapa kuwa ni kifafa. Mwangalie macho: ndama huyu anakuona, anakusikia, hatoi povu, hatapitapi. Mwenye kifafa anapoteza fahamu, huyu hapotezi.

Hiyo ndiyo sura ya psudomiotonia ya kuzaliwa. Iliyochunguzwa zaidi ni ya Chianina, wale ng'ombe weupe wakubwa wa Italia. Ili msuli ukaze, kalsiamu humwagwa ndani ya seli. Ili ulegee, kalsiamu hiyo lazima irudishwe ghalani, na anayeirudisha ni pampu ya protini iitwayo SERCA1. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba kwa Chianina wagonjwa kuna badiliko la herufi moja katika jeni la ATP2A1, lile linaloandika pampu hiyo. Mwaka huohuo badiliko jingine, sehemu nyingine ya jeni lilelile, lilikutwa kwa ndama wa Belgian Blue; hao hali yao ni mbaya zaidi, wengi hufa wakiwa na wiki chache kwa matatizo ya kupumua. Chianina mgonjwa anaweza kukua, ili mradi asikimbizwe. Binadamu nao wana ugonjwa wa jamaa hii, ulioelezwa na daktari Irwin Brody mwaka 1969, na jeni lake likajulikana mwaka 1996.

Kilichonivutia katika utafiti huu ni hatua iliyofuata. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Padova waliona kwamba kwa Chianina pampu yenye kasoro haikuwa mfu. Ilikuwa na uwezo wa kufanya kazi, ila seli iliiona imekunjwa vibaya ikaivunjavunja kabla haijafika mahali pake. Walipozuia uvunjaji huo kwenye seli za msuli wa mnyama mgonjwa, pampu ilirudi. Baadaye wakajaribu molekuli zilizotengenezwa kwa ajili ya ugonjwa mwingine kabisa wa binadamu, ule wa mapafu uitwao sistiki fibrosisi, ambao nao una protini inayokunjwa vibaya, na zikasaidia. Ng'ombe mmoja mwenye miguu migumu anaweza kuwa mlango wa dawa ya watu. Lakini hakuna dawa ya dukani kwa hili leo, kwa hiyo usimuuzie mfugaji matumaini.

Je, linamhusu nini mfugaji wa Goba au Chanika ambaye hajawahi kuona Chianina? Jeni la ATP2A1 liko kwa kila ng'ombe, na kasoro yake inaweza kuzuka katika ukoo wowote. Hata Uholanzi iliwahi kuonekana kwa ndama chotara. Ng'ombe wetu wa maziwa wa pembezoni mwa jiji ni machotara wa Friesian, Ayrshire au Jersey na zebu au Boran, wengi wao kwa mbegu za kupandikiza, na anayejua babu wa ndama wake ni mmoja kati ya wengi.

Namna ya kumpima bandani: fanya alfajiri, jua la Dar lisikuharibie jibu. Mtoe kwenye sakafu ya saruji yenye majimaji. Ng'ombe yeyote atatembea kwa hofu pale, na nimeona "ugonjwa wa misuli" ukipona kwa maranda ya mbao. Kwenye udongo mkavu, mwache asimame, kisha atembee, kisha akimbizwe hatua chache na mtu anayemjua. Piga video kwa ubavuni na kwa nyuma. Mpe mapumziko, rudia. Swali lako ni hili: mara ya pili amekaza zaidi au amekaza kidogo? Katika miotonia halisi, ile ya wale mbuzi wa Marekani wanaoanguka wakishtuliwa, msuli hulainika kadiri unavyotumika. Katika psudomiotonia kadiri anavyokimbia ndivyo anavyokaza. Mwenye kifaa cha kusoma umeme wa misuli ataona tofauti moja kwa moja, kwa sababu msuli wa psudomiotonia hukaza bila mvumo wa umeme wa miotonia. Sisi wengine tunategemea macho.

Kabla hujafurahia kwamba umepata adimu, ondoa haya ya kila siku.

Pepopunda haiachii. Mnyama amekaza asubuhi, mchana na usiku, mkia umenyooka nyuma, masikio yamesimama, taya halifunguki, na ukimgonga kidogo paji la uso ukope wa tatu unafunika jicho. Tafuta kidonda: aliyehasiwa kwa mpira, kitovu, sikio lililotobolewa hereni.

Kupooza kwa kukaza kwa mguu wa nyuma, ambako Friesian wanajulikana nako, huwa kwa mguu mmoja au yote miwili ya nyuma tu. Kifundo kimenyooka, mguu unaning'inia nyuma kama pendulo akitembea, na unazidi mwezi hadi mwezi. Huhitaji kumkimbiza ili kuuona.

Dawa ya kupe ya kundi la organofosfeti ikizidishwa huleta mtetemeko wa misuli pamoja na mate, machozi, kuhara na mboni ndogo. Uliza nani alipulizia jana na alipima kwa kifuniko cha chupa gani. Jibu la "nilikadiria tu" ni jibu.

Dalili: analala chini baada ya mwendo, hakukaza, amechoka tu

Hii ni tofauti na ile ya juu na wengi huzichanganya. Ng'ombe wa ukoo wa Charolais wana ugonjwa wa kurithi ambao msuli hauwezi kuvunja glaikojeni, ile sukari ya akiba, kwa kukosa kimeng'enya cha fosforilasi. Binadamu wenye kasoro ya namna hiyo huambiwa wana ugonjwa wa McArdle. Ndama akitembezwa mwendo wa kawaida anabaki nyuma, analala, na baada ya mapumziko anainuka. Kriatini kinasi yake huwa juu. Kwa chotara wa maziwa mwenye dalili kama hii, anza na upungufu wa damu: ndigana baridi, nagana kwa waliotoka maeneo yenye mbung'o, minyoo. Funua ukope. Ukiwa mweupe, acha habari ya misuli kwanza.

Dalili: mkojo wa rangi ya kahawa

Hapa ndipo Dar ina mambo yake.

Wafugaji wote wanajua kupe huleta kukojoa damu, kwa hiyo sindano ya babesia huchomwa hata kabla ya kuuliza. Lakini mkojo mwekundu-kahawia unaweza kubeba hemoglobini iliyotoka kwenye chembe nyekundu zilizopasuka, au mayoglobini iliyotoka kwenye msuli uliooza. Karatasi ya kupimia mkojo haitofautishi. Itasema "damu" kwa zote mbili. Kinachotofautisha hakina gharama. Toa damu kwenye chupa ya kofia nyekundu, iache isimame kivulini mpaka igande, uangalie maji ya juu. Yakiwa ya waridi au mekundu, chembe za damu zinapasuka. Yakiwa ya kawaida, ya manjano mepesi, na mkojo bado ni wa kahawa, msuli ndio unaovuja. Sababu yake ni kwamba mayoglobini ni ndogo, figo huichuja upesi, haikai kwenye damu.

Umri nao unasema. Ndama wadogo huwa na ustahimilivu dhidi ya babesia kuliko wakubwa. Ndama wa miezi minne mwenye mkojo mwekundu hajatengwa na babesia, lakini si wa kwanza kumshuku. Vaa glavu unaposhika mkojo huo, maana bakteria wa leptospira nao huutia wekundu na humpata mtu.

Ukishajua ni msuli, uliza anakula nini. Mwingajini, ule mmea wenye maua ya njano na maganda membamba unaoota pembeni mwa barabara na kwenye viwanja visivyojengwa, ni sumu ya misuli kwa ng'ombe, na mbegu zake ndizo kali zaidi. Hata ng'ombe wasioupenda hula ukikatwa pamoja na majani na kukaushwa. Kijana anayekata majani kwenye kiwanja cha jirani Bunju au Kigamboni hachambui. Mnyama huharisha, kisha hulegea, hulala, ila kichwa kiko macho na anaendelea kutafuna ukimwekea. Ni sura inayofanana sana na upungufu wa madini ya seleni, na hapo ndipo watu hukosea matibabu: sindano ya seleni na vitamini E haisaidii sumu hii. Ondoa majani yote, mpe maji, mgeuze ubavu, subiri. Aliyeshindwa kusimama mara nyingi hapati nafuu.

La pili ni chakula cha kuku. Uani mwa nyumba nyingi banda la kuku wa nyama na banda la ng'ombe yanatazamana. Chakula kikibaki baada ya kuku kuuzwa, ng'ombe anapewa. Kikiwa na monensini au salinomisini, dawa za kuzuia vimelea vya koksidia kwa kuku, na kiasi kikiwa kikubwa, moyo na misuli huharibika: anakataa kula, anaharisha, anapumua kwa shida, wengine wanakufa ghafla wakifukuzwa. Samadi ya kuku iliyochanganywa kwenye pumba ina hatari hiyohiyo, na ya ziada: kuku aliyekufa akafukiwa humo huzalisha sumu ya botulizimu, ambayo hulegeza misuli yote bila kubadili rangi ya mkojo.

Kwa ng'ombe aliyetoka mnadani Pugu, uliza safari. Mnyama aliyesimama kwenye lori tangu Shinyanga, akaanguka na kukanyagwa, anaweza kukojoa kahawa bila sumu wala ugonjwa wa kurithi.

Dalili: ndama mlegevu, hasimami, lakini anataka kunyonya

Chunguza kitovu na viungo kwanza. Kitovu kilichovimba na magoti ya moto ni maambukizi, na hayo ni mengi kuliko magonjwa yote ya kurithi uliyowahi kusoma.

Viungo vikiwa salama, fikiria ugonjwa wa misuli myeupe, unaotokana na upungufu wa seleni au vitamini E. Kuna wa aina mbili. Mmoja hushika moyo, na ndama mzuri anakutwa amekufa baada ya kuruka ruka. Mwingine hushika miguu na mgongo: anasimama kwa kutetemeka, anatembea kwa ugumu, au hainui kabisa kichwa hadi kwenye kiwele kwa kuwa shingo imechoka. Ukipasua, misuli ina michirizi myeupe kama nyama iliyochemshwa, na pande mbili za mwili zinafanana. Vitamini E hupotea kwenye majani yaliyokaushwa na kukaa muda mrefu, na mashudu yenye mafuta yaliyochacha huongeza mahitaji yake. Mama aliyelishwa pumba na majani makavu kiangazi chote huzaa ndama wa namna hii.

Matibabu ni sindano ya seleni na vitamini E, na ndama ambaye bado ana nguvu ya kukaa huanza kubadilika ndani ya siku chache. Kipimo kisizidishwe. Umbali kati ya kiasi kinachoponya na kinachoua ni mdogo kwa seleni, na "nimwongezee kidogo dokta?" jibu lake ni hapana. Damu ya kupima seleni, au kimeng'enya chake cha glutathioni peroksidasi, itolewe kabla. Baada ya sindano kipimo cha seleni hakitakuambia kitu.

Asipobadilika, na akiwa na damu ya Brahman, ule ukoo wa ng'ombe wenye nundu, kuna ugonjwa wa kurithi wa kulimbikiza glaikojeni, ule ambao kwa binadamu huitwa wa Pompe. Uliwasumbua sana wafugaji wa Brahman Australia, na Shorthorn pia, mpaka kipimo cha vinasaba kilipopatikana na madume wabebaji wakaanza kuondolewa. Ndama huzaliwa sawa, kisha hukua kwa shida, hulegea, hupepesuka, na huwa hamalizi mwaka. Kasi yake ndiyo alama: upungufu wa seleni hushusha kwa siku, huu hushusha kwa miezi.

Za kupita haraka

Wengi kwa mpigo baada ya mvua, homa kali, wanachechemea leo mguu huu kesho ule, kisha wanapona: homa ya siku tatu. Ng'ombe mkubwa mzito anaweza kulala na kuhitaji kalsiamu na dawa ya maumivu. Ugonjwa wa kurithi hauji kwa banda zima wiki moja.

Uvimbe kwenye paja au bega, unatoa mlio wa viputo ukibonyeza, mnyama wa miezi sita hadi miaka miwili: chambavu. Saa zinahesabika. Chanjo ipo.

Amezaa, amelala, masikio ya baridi: homa ya maziwa. Akichelewa kupata kalsiamu, uzito wake mwenyewe unaua misuli ya paja, na kesho yake kalsiamu haitamwinua. Mgeuze upande kila saa chache, kwenye mchanga au majani mengi.

Anatoa mate, sauti imebadilika, nyuma imelegea: usimtie mkono mdomoni kutafuta kilichomkwama. Kichaa cha mbwa huonekana hivyohivyo.

Umeondoa yote na bado anakaza: sampuli

Sasa una mnyama ambaye mtafiti angempenda. Kosa kubwa la hatua hii ni kupeleka kitu kimoja, kwa njia moja, bila maelezo. Maabara Kuu ya Veterinari iko Temeke, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, chenye wanapatholojia wa wanyama, kiko Morogoro, safari ya nusu siku. Piga simu kabla ya kukata chochote. Uliza wanapokea nini siku hiyo, kwenye chupa gani.

Damu: chupa ya kofia nyekundu kwa vimeng'enya, ya zambarau kwa chembe na vinasaba. Maji ya juu yatengwe kabla ya safari. Chupa iliyorushwarushwa kwenye bodaboda kutoka Mbezi mchana wa Februari hufika imekuwa juisi ya rozela, na maabara haina la kufanya nayo. Weka barafu, lakini gazeti likae kati ya barafu na chupa.

Nywele za mkia zing'olewe na mizizi yake, ishirini au thelathini, ziwekwe kwenye bahasha ya karatasi. Mfuko wa nailoni hutunza unyevu, na kwa hewa ya pwani ukungu huota. Ng'oa za ndama, za mama, za ndugu zake, na za dume akipatikana. Hii ndiyo sampuli rahisi kuliko zote na ndiyo inayosahaulika kuliko zote.

Kipande cha msuli kinakatwa na daktari. Ganzi iwekwe chini ya ngozi. Ikiingia kwenye msuli wenyewe, hadubini itaonyesha uharibifu wa ganzi. Usikibane kwa koleo. Chukua vipande vitatu kutoka msuli wa nyuma ya paja. Cha kwanza kifungwe ncha zote mbili kwenye njiti ya mbao, kisijikunje, kisha kiingie kwenye formalini yenye ujazo mara kumi ya kipande. Cha pili kifungwe kwa gozi yenye unyevu wa maji ya chumvi, isiyotiririka, kikae kwenye barafu na kifike siku hiyohiyo. Usikiweke kwenye friza ya nyumbani. Ubaridi wa polepole hutengeneza vipande vya barafu ndani ya nyuzi, na anayesoma ataona matundu matupu. Hata naitrojeni ya maji ikiguswa moja kwa moja huleta matundu, kwa sababu hutengeneza tabaka la gesi kuzunguka nyama. Maabara hupoza kimiminika cha isopentani ndani ya naitrojeni na kutumbukiza nyama humo. Cha tatu ni cha vipimo vya protini na vinasaba, na hicho hakihitaji sura nzuri, kinahitaji baridi kali upesi. Mhimilishaji wa mtaani kwako, yule anayepandikiza mbegu, ana tangi la naitrojeni. Mwombe.

Kata pia kutoka kwa mnyama mzima wa umri huohuo, aliye njiani kuchinjwa Vingunguti au kwingine. Utendaji wa pampu ya kalsiamu husomwa kwa kulinganisha. Namba moja peke yake haina maana.

Sampuli zikihitaji kwenda nje ya nchi, kuna vibali vya mamlaka ya mifugo, na mtafiti mgeni anahitaji kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, pale Kijitonyama. Anza makaratasi mapema.

Majibu yamerudi, hayaeleweki

*Kriatini kinasi iko juu.* Uliza alikuwa amelala muda gani na alichomwa lini. Hupanda ndani ya saa chache na kushuka ndani ya siku kadhaa, ilhali kimeng'enya cha AST hukaa juu muda mrefu zaidi, ila AST hutoka kwenye ini pia. Kriatini kinasi juu na AST ya kawaida: jeraha jipya. Kinyume chake: jeraha limepita, au ni ini. Zote juu, na baada ya siku mbili bado ziko juu bila sindano wala kulala: msuli unaendelea kufa.

*Kriatini kinasi ni ya kawaida, lakini video inaonyesha anakaza.* Usimfute. Psudomiotonia ni kasoro ya kazi ya msuli, na nyuzi zenyewe zinaweza kuwa karibu nzima.

*Hadubini inasema "msuli wa kawaida".* Vivyo hivyo. Rangi za kawaida hazioni pampu. Inahitajika kingamwili inayoishika SERCA1, au kipimo cha kasi yake ya kurudisha kalsiamu, na kwa hicho formalini haifai. Ndiyo maana ya kipande cha pili na cha tatu.

*Kipimo cha vinasaba ni hasi.* Soma kilipima nini. Kipimo cha Chianina hutazama herufi moja ya Chianina. Kwa chotara wa Friesian na zebu, hasi hiyo inakuambia kidogo mno. Kinachotakiwa ni kusoma jeni zima la ATP2A1 la ndama na wazazi wake, na likiwa safi, kuendelea na majeni mengine. Belgian Blue wana ugonjwa wa pili wa kukakamaa ambao haumo kwenye msuli hata kidogo: umo kwenye jeni la SLC6A5, la kusafirisha glaisini kwenye neva.

Nani amelileta, na banda lifanyweje

Kasoro za aina hii hujionyesha ndama akipata nakala mbovu mbili, moja ya baba na moja ya mama. Wazazi wote wawili ni wazima wa afya, na hapo ndipo ugomvi huanza, kwa sababu mwenye dume atasema dume lake halina tatizo, naye anasema kweli. Wabebaji wawili wakikutana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne. Ndugu asiyeugua wa ndama mgonjwa, mwenye baba na mama walewale, ana nafasi mbili kati ya tatu kuwa mbebaji.

Desturi inayotuumiza ni dume moja la mtaa. Anapanda mama, kisha binti, kwa kuwa usafiri wa kwenda kwingine ni gharama. Dume likiwa mbebaji, nusu ya mabinti zake hubeba. Akiwapanda mabinti hao, ndama mmoja kati ya wanane atakuwa mgonjwa. Ndama mmoja kati ya wanane, katika mtaa wenye ng'ombe wachache, anaonekana kama bahati mbaya ya mtu mmoja. Mama wa ndama mgonjwa hauzwi kwa hasira. Maziwa yake hayana kasoro. Apandwe kwa dume wa ukoo mwingine kabisa, na mabinti zake wapimwe kipimo kikipatikana.

Ndama mwenyewe akiamuliwa kuchinjwa, mkaguzi wa nyama aambiwe, siku za dawa zilizochomwa ziheshimiwe, na vipande vya msuli vichukuliwe mara tu baada ya kuchinjwa. Kesho yake buchani havina kazi.

Kama mimba ilipatikana kwa kupandikiza, tafuta mrija wa mbegu. Umechapwa namba ya dume, na kwa namba hiyo kituo kilichozalisha kinaweza kufuatilia ndama wengine wa baba huyohuyo. Mrija ukiwa umetupwa, kuna daftari la mhimilishaji. Rudi nyuma siku 280 hivi kutoka alipozaliwa ndama, mwombe akufungulie ukurasa wa wiki hiyo, na upige picha majina ya mabanda mengine yaliyopata mbegu hiyo.